Anko, Nipe Niendeshe Kidogo

Desemba iliyopita nilimnyima mtoto wa miaka kumi remoti. Naanzia hapo kusudi, ili msije mkadhani naandika haya kama mtu mzuri.

Tulikuwa shags, Kibwezi, kwa kina mama. Wale mko na watu Makueni mnajua vile Krismasi huwa. Basi limejaa mpaka mlangoni, mizigo iko juu ya magoti ya wenyewe, na ukifika nyumbani unapata watoto wameongezeka kuliko ulivyowaacha. Mimi nilikuwa nimebeba gari langu la remoti, lile mnaloliona kwenye video zangu. Ni la kipimo cha 1 kwa 10, magurudumu yote manne yanavuta. Nililinunua mkono wa pili kwa pesa nilizoweka miezi minane. Nilitaka kupiga video kwenye lile vumbi jekundu la Ukambani, maana nimechoka kurekodi kwenye paking ya ploti Nairobi huku kepteni wa ploti akiniangalia vibaya.

Nikaliachilia uani. Kuku wakaruka, mbwa akaingia chini ya ghala, watoto wakatokea kila upande. Mvulana wa binamu yangu mkubwa akaja akasimama kando yangu. Hakulia, hakunivuta shati. Alisema tu, "Anko, nipe niendeshe kidogo."

Nikamwambia hii si ya watoto.

Susu alikuwa kivulini anachambua ndengu. Hata hakuinua macho. "Wewe ulipewa," akasema.

"Nilipewa nini, susu?"

"Gari ya babake. Ukaitumbukiza kwa mtaro."

Wasee, nilikuwa nimesahau kabisa. Halafu ikarudi yote. Nilikuwa na miaka kama sita, na binamu yangu alikuwa na gari la waya lenye umbo la pikapu. Akanipa nizunguke nalo boma mara moja. Mimi nikakimbia nalo moja kwa moja hadi kwenye mtaro wa fanya juu pale shambani, likajikunja kama kopo lililokanyagwa na lori. Hakunipiga. Alilikunjua jioni ile ile.

Kwa wale mmezaliwa na kulelewa mtaani na hamjawahi kuliona, gari la waya ni hivi. Fremu ni waya uliokunjwa kwa mkono na jiwe. Magurudumu ni soli za patipati zilizochakaa, zimekatwa duara, au vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu. Kutoka ekseli ya mbele kunatoka waya mrefu unaopanda mpaka kifuani mwako, na juu yake kuna usukani. Unakimbia nyuma ya gari huku ukilikatisha kona. Injini ni miguu yako, na mlio wa injini unautoa kwa mdomo. Sehemu nyingi za Afrika watoto wametengeneza magari ya namna hii. Malawi wanayaita galimoto, jina lililotoka kwa Kiingereza cha "motor-car".

Kitu ambacho sikukielewa nikiwa mdogo ni sheria yake. Gari la waya halikuwa la mtu mmoja hata siku moja. Waya umetoka kwenye ua wa kina fulani. Patipati ni za dada ya mwingine, na huenda alikuwa bado anazihitaji. Kisu ni cha huyu, na ujuzi wa kukunja bampa anao yule. Kwa hivyo kila aliyetoa kitu alikuwa na zamu, na asiyetoa kitu alilipa kwa maembe. Kwetu ilikuwa maembe mawili kwa mzunguko mmoja. Ukimnyima mwenzako zamu leo, kesho gurudumu likipasuka hupati patipati. Watoto hawakuwa malaika, kila mtu alijua tu hesabu.

Usiku ule sikulala vizuri, nikaanza kujiuliza: haya magari ya remoti yenyewe yalianza vipi, na nani alikuwa anashika? Nimesoma kiasi tangu wakati huo, na nikaona kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimepotoka, kihistoria kabisa.

Twende nyuma hadi 1898. Mwaka huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Tsavo, mlangoni mwa nchi ambayo leo ni Makueni, na simba wawili walikuwa wakiwala wafanyakazi wa daraja. Ukambani ulikuwa umeingia kwenye njaa kubwa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Mwaka huohuo, New York, Nikola Tesla alijaza tangi la maji ndani ya Madison Square Garden, akaweka boti ndogo ya chuma, na kuiendesha bila waya wowote. Hataza yake ilitolewa tarehe 8 Novemba 1898, namba 613,809, na ilizungumzia vyombo vya majini pamoja na magari. Yaani hata gari la remoti lilikuwa tayari limetajwa kwenye karatasi, kabla kijiji chochote cha kwetu hakijaona gari la kawaida.

Lakini angalieni alivyofanya onyesho lake. Aliwaruhusu watazamaji waiulize boti maswali na kuitolea amri. Mtu anauliza kipeuo cha tatu cha 64, taa za boti zinawaka mara nne. Watu wakashangaa, inasimuliwa wengine walidhani kuna nyani aliyefunzwa ndani. Ukweli ni kwamba Tesla mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika vidhibiti muda wote. Watazamaji walipewa raha ya kudhani wanaendesha. Niliposoma hapo nikajiona kabisa: watoto uani wanapiga kelele "kushoto! kushoto!", na mimi nakata kushoto kama mfalme.

Magari yenyewe yalichelewa, kwa sababu redio za zamani zilikuwa kubwa kuliko gari lenyewe. Ilibidi transista zije kwanza. Mwaka 1966 kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli, ilitoa Ferrari 250LM ya remoti. Mwaka 1976 Tamiya ya Shizuoka, Japani, ikatoa Porsche 934, na 1979 ikatoa Sand Scorcher, bagi iliyotengenezwa kwa ajili ya mchanga. (Nani awaambie Tamiya kuhusu mito yetu mikavu ya Kitui.)

Sasa hapa ndipo panaponivutia. Magari ya miaka hiyo yalitumia masafa ya 27 MHz, na ndani ya remoti na ndani ya gari kulikuwa na kipande kidogo kinachoitwa kristali. Kristali ndiyo iliyoamua uko kwenye masafa gani. Masafa yalikuwa sita, kila moja na rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Watu wawili wenye nyekundu wakiwasha pamoja, remoti zinagombana na gari linaweza kwenda kugonga ukuta kwa kasi yote. Kwa hivyo kwenye viwanja vya mashindano kulikuwa na ubao wenye vibanio vya rangi. Unachukua kibanio cha rangi yako, unakibana kwenye antena, na mwingine mwenye rangi hiyo anangoja. Ukimaliza unakirudisha.

Si hii ni ile sheria ya maembe? Huwezi kuwasha gari lako bila kwanza kumuuliza mwenzako, "Uko na rangi gani?" Hobi yote ilisimama juu ya hilo swali.

Na kama ulikua Kenya hii unajua toleo letu. Wale mlinunuliwa magari ya bei nafuu ya kutoka mjini, mnakumbuka Krismasi ambapo wewe na jirani mlipata aina moja? Unabonyeza mbele, la kwako linakwenda, la jirani nalo linakwenda. Remoti moja, magari mawili. Tulidhani ni mashetani, kumbe ni masafa yaleyale. Mlilazimika kupatana: ama mcheze kwa zamu ama mbaki mnagombana mpaka betri ziishe.

Halafu katikati ya miaka ya 2000 ikaja 2.4 GHz. Remoti na gari vinajuana, vinaunganishwa mara moja, na hata mkiwa ishirini uwanjani hakuna anayemwingilia mwenzake. Kiufundi ni kitu safi sana, na siwezi kurudi kwa kristali hata mkinilipa. Ila maoni yangu ni kwamba siku hiyo ndiyo tuliacha kuulizana. Kwa mara ya kwanza ungeweza kuwa na gari la remoti miaka mitatu bila kuongea na binadamu mwingine mwenye nalo. Wazo la "hii ni yangu, usiguse" ni jipya kuliko mimi mwenyewe. Na cha kuchekesha, watengenezaji wenyewe hawaliamini. Magari mengi ya kisasa, langu likiwemo, yana hali ya kujifunza inayokata nguvu ya mota hadi nusu. Hiyo imewekwa kwa sababu mtu alikaa ofisini akajua kwamba siku moja mtoto wa binamu atakuja aseme nipe niendeshe kidogo. Kwangu ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kuibonyeza.

Asubuhi yake nikamweleza mjomba haya yote tukinywa chai, na yeye akanirudisha barabarani. Mjomba alikua wakati Safari Rally ikipita barabara ya Mombasa kwenye hatua ya Pwani. Walikuwa wakisimama kando ya barabara na magari yao ya waya yaliyochorwa namba, wakingoja Datsun ya Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5: 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Lakini hadithi anayoipenda ni ya kabla yake, ya Joginder Singh. Mwaka 1965 Joginder na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Timu ya kiwanda ilikuwa imeitumia mwaka uliotangulia, mambo hayakwenda, ikauzwa. Gari lililoachwa na wenyewe likashinda mikononi mwa mtu mwingine.

"Mwenye gari hajui gari," mjomba akasema. "Anajua vile yeye huendesha tu."

Sijui kama hiyo ni kweli kwa kila gari. Kwa langu ilikuwa kweli.

Nikamwita yule kijana. Nikabonyeza hali ya kujifunza, nikamwonyesha gesi kwa kidole cha shahada na gurudumu la usukani kwa mkono wa kulia. Dakika mbili za kwanza aliendesha kama kila mtu anavyoendesha: gari likija upande wako, kushoto kunakuwa kulia, akili inaganda. Dakika ya tano alikuwa amezoea. Dakika ya kumi alinionyesha kitu sikuwa nimewahi kufanya. Alikuwa analegeza gesi kabla ya kona na kuliacha gari liteleze kwenye vumbi lenyewe, kisha anaivuta tena. Mimi nilikuwa nimezoea saruji, ambapo gari linashika. Yeye amekua akikimbia nyuma ya waya kwenye vumbi hilo.

Nikapandwa na tamaa. Nikatoa hali ya kujifunza, nikampa nguvu zote.

Mnajua kilichofuata. Mtaro. Uleule, nadhani, au nduguye. Mkono wa mbele wa kushoto ulivunjika pale pale kwenye tundu la skrubu.

Kijana alinikabidhi remoti kwa mikono miwili, akaniangalia machoni, akangoja. Nilitaka kukasirika, sitawadanganya. Hasira ilipanda mpaka kooni. Kisha nikamwona susu kivulini na sinia lake la ndengu, na safari hii alikuwa ameinua macho.

Binamu yangu ni fundi wa pikipiki. Jioni alikata kipande kutoka krate ya soda iliyovunjika, akakitoboa kwa msumari wa moto, akakipiga tupa hadi kikaingia. Alifanya kazi bila kuongea sana. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: "Ulikuwa unajua mimi nilikuwa na gari ya waya?"

"Susu amenikumbusha."

"Pikapu," akasema. "Ilikuwa noma."

Kile kipande cha krate bado kiko kwenye gari, mtakiona kwenye video zijazo, ni chekundu. Nilishaagiza mkono wa kiwandani na umefika, uko kwenye droo.

Baada ya Krismasi tulivuka kwenda Mutomo, kwa kina baba, kwa ile barabara ya lami inayotoka Kibwezi kwenda Kitui. Kuna mto mkavu nyuma ya nyumba, mchanga mtupu. Betri tulikuwa tukiichaji kwa sola ya ami yangu, na inachukua muda, kwa hivyo nikaandika foleni nyuma ya daftari: dakika saba kila mtu, anayevunja anakaa kusaidia kutengeneza. Majina yalifika kumi na nne. La kwangu lilikuwa la tisa.

Msichana aliyekuwa wa nane, labda ana miaka minane hivi, aliendesha akiwa amekaa chini, kimya, ulimi nje. Nilisogea mbele ili nimrekodi. Akaniambia bila kutoa macho kwa gari, "Anko, toka hapo. Unanizibia."