Tabora: Timu Zinapita Kama Misafara

Leo tunarudi nyuma kidogo, maana soka letu lina historia ila tunasahau fasta sana.

Mtajie dogo wa sasa jina la Rhino Rangers, atakuuliza hiyo ni kampuni ya ulinzi au? Kumbe ndiyo timu iliyoipeleka Tabora Ligi Kuu mwaka 2013. Ilikuwa timu ya jeshi, na jina halikuokotwa barabarani: Tabora kuna Brigedi ya Faru, na faru kwa Kiingereza ndiyo rhino.

Tarehe 24 Agosti 2013 ligi inafunguliwa, Simba wanatua Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Wengi walijua mnyama anajipigia tu. Wapi! 2-2. Timu ngeni kabisa, mechi ya kwanza, inagawana pointi na Simba. Watu wa Choma, Igunga, Nzega mpaka Urambo wakawa na timu ya kwao ya kuongelea kijiweni.

Raha haikudumu. Msimu ulipoisha 2014, Azam wanabeba ubingwa wao wa kwanza bila kupoteza mechi, huku chini Rhino wanashuka na Ashanti United na JKT Oljoro. Hawakurudi tena.

Na siyo wao peke yao. Kabla yao ilikuwepo Milambo, jina la yule mtemi wa Urambo aliyewafungia Waarabu njia ya misafara. Nayo ilicheza Ligi Kuu, leo imebaki kwenye stori za wazee.

Baadaye ikaja Kitayosce, timu ya Kilimanjaro iliyohamia Tabora. Ikapanda 2023, ikabadilishwa jina kuwa Tabora United. Mechi ya kwanza dhidi ya Azam ilianza na wachezaji wanane kwa sababu ya ishu za usajili, dakika ya 15 mpira ukavunjika ikiwa imeshapigwa 4-0. Aibu! Lakini Novemba 2024 timu hiyohiyo ikawatandika Yanga, mabingwa watetezi, 3-1 tena Dar. Mji mzima ukatembea kifua mbele. Mwaka 2025 jina likafutwa tena, sasa ni TRA United.

Unaona mchezo? Zamani misafara ya pembe ilifika Tabora, ikapumzika, ikabadilisha wapagazi, ikaendelea na safari. Timu nazo ni hivyohivyo. Leo ya jeshi, kesho imehamia kutoka Moshi, keshokutwa ya taasisi. Mji unatoa uwanja na makelele, mwenye timu anaondoka na jina.

Sikatai, hela za taasisi zinasaidia, mishahara hailipwi kwa vigelegele. Ila angalia Simba na Yanga: zimepita njaa, migogoro na vipigo, hazijafa kwa sababu zina wanachama. Tabora bado haijapata timu ambayo bosi akichoka, wananchi wanabaki nayo.

Haya mdau, mkoani kwenu ni timu gani imepotea hivihivi?