Kamera ilipofika Wagalla

Kwa miaka mingi mauaji ya Wagalla yalikuwa na simulizi mbili. Ya kwanza ilijulikana katika kila boma Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya: Februari 10, 1984, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika msako wa silaha, vikawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, vikawavua nguo na kuwalaza kifudifudi juani kwa siku kadhaa, bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi. Ya pili ilikuwa ya serikali, nayo ilikuwa fupi: waliokufa ni watu 57.

Simulizi ya kwanza haikuwa na njia ya kufika mbali. Tangu vita vya kujitenga vilivyoitwa vya shifta, Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari, hadi zilipoondolewa mwaka 1991. Mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulipochomwa Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa, wakazi walibaki na majivu na kumbukumbu. Wajir nako, habari zilitoka kwa juhudi za watu wachache kama Annalena Tonelli, Muitalia aliyekuwa akitibu kifua kikuu, ambaye aliwahudumia majeruhi na kuwazika waliokufa.

Hatimaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kuchunguza dhuluma za zamani, ilianza kusikiliza ushahidi hadharani Kaskazini Mashariki mnamo Aprili 2011. Ripoti yake ya Mei 2013 ilikadiria kwamba waliouawa Wagalla walikaribia 1,000. Manusura wanataja idadi kubwa zaidi. Lakini ripoti hiyo ina kurasa zaidi ya 2,000, nayo ni ya Kiingereza. Mfugaji aliyetoa ushahidi angeisomea wapi?

Pengo hilo ndilo lililojazwa na filamu. Mwaka 2015 Judy Kibinge, mwanzilishi wa Docubox, mfuko unaosaidia filamu za makala Afrika Mashariki, alitoa *Scarred: The Anatomy of a Massacre*. Ndani yake manusura wanazungumza wenyewe, sura zao zikionekana. Kwa mtu wa Wajir hakuna siri mpya humo. Mtazamaji wa Nairobi ndiye aliyepokonywa kisingizio cha kusema hakujua.

Katika kaunti ya Garissa kamera ilishika njia nyingine. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991, zilizoea kupigwa picha na wageni waliokuja wakati wa njaa na kuondoka. Shirika la FilmAid, lililoanza kazi katika kambi ya Kakuma mwaka 2001 na baadaye kuingia Dadaab, lilifanya mambo mawili. Jioni lilitandaza skrini uwanjani, watu wakaketi mchangani kutazama filamu kuhusu usafi, magonjwa na dhuluma dhidi ya wanawake. Kisha likawafunza vijana wakimbizi kuandika hadithi, kupiga picha na kuhariri. Aliyekuwa akipigwa picha akawa ndiye anayeamua nini kipigwe.

Tusiipe filamu sifa isiyo yake. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Hatua hiyo ilitokana na ripoti ya tume na madai ya miaka mingi ya waathiriwa. Filamu haimlipi mjane fidia, wala haimfikishi mtu mahakamani.

Inachoweza ni kuzuia ushahidi usizikwe pamoja na shahidi. Walionusurika Wagalla sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Kwa hiyo sauti zao zisiishie kwenye kumbi za Nairobi na matamasha ya ughaibuni. Zihifadhiwe katika maktaba za Wajir na Garissa, zioneshwe shuleni, na vijana wa huko wapewe kamera ili waendelee kuwauliza wazee wao maswali wakiwa bado hai.