Amplifaya Niliyoiuza Mara Mbili



Katika kila mkutano wetu hakosekani mtu wa kuninyooshea kidole na kusema, "Huyu ndiye mwalimu aliyeuza bendi." Watu hucheka, nami hucheka pamoja nao. Mwaka huu Mhariri ameniomba niandike historia ya bendi ya shule, na historia hiyo haielezeki bila kueleza habari za sanduku moja jeusi nililoliuza mwaka 1981, na ambalo niliitwa tena kuliuza mwaka 2016.

Nilipoingia Kidato cha Tano mwaka 1969 bendi ilikuwa na magita matatu, ngoma, manyanga na amplifaya moja tu. Hiyo moja ilikuwa Vox AC30, aliyotuachia mwalimu Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30, na juu yake mishikio mitatu. Kuitoa stoo hadi bwaloni siku ya dansi ilikuwa kazi ya vijana wawili wenye nguvu, nao kwa kazi hiyo walilipwa kwa kuingia bure.

Vox ilitengenezwa na kampuni ya Thomas Jennings huko Dartford, Kent. Fundi wake mkuu, Dick Denney, mwenyewe alikuwa mpiga gita. Mwaka 1958 walitoa AC15, yenye nguvu ya wati 15. Lakini vijana wa Kiingereza walipoanza kujaza kumbi kwa makelele, wapigaji kama The Shadows waliona wati 15 hazitoshi, ndipo ikazaliwa AC30: valvu nne za kutoa nguvu aina ya EL84, na spika mbili za Celestion za inchi 12, zilizopakwa rangi ya buluu. Baadaye The Beatles nao walizitumia Vox, na jina likaenea duniani.

Kijana wa leo ataniuliza valvu ni nini. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, yenye waya unaowaka ndani yake, na kazi yake ni kukuza umeme mdogo unaotoka kwenye gita. Ukiisukuma kupita kiasi haikatiki ghafla. Sauti hukwaruza kidogo kidogo, kama mwimbaji anayepandisha pumzi. Ule mkwaruzo mtamu ndio unaowafanya watu wazima leo walipe maelfu ya pauni kwa kitu ambacho katika miaka ya 1970 wengine walikitupa, kwa sababu zilikuwa zimekuja amplifaya za transista, nyepesi na zisizohitaji kungojwa zipate moto.

Kwetu sisi habari haikuwa utamu wa sauti. AC30 yetu ilikuwa na matundu sita ya kuchomekea. Solo lilichomekwa humo, ridhim humo, maikrofoni humo, na tusitosheke, besi nalo tukalichomeka humo humo. Zile spika za buluu zilitengenezwa kubeba wati 15 kila moja, wala hazikukusudiwa besi. Usiku mmoja mwaka 1970, katikati ya rumba, ya kushoto ikapasuka karatasi yake na kuanza kutoa mlio wa bata. Mpiga besi nilikuwa mimi. Fundi redio wa mjini aliitoa akatutilia spika nyingine ya namna yoyote, nasi tukaendelea.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo vijana hawalijui. Katika nchi yetu siku hizo mwanamuziki aliyemiliki vyombo vyake mwenyewe alikuwa nadra. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikabadilika jina. Polisi walikuwa na bendi yao, na jeshi vilevile. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, na ndiyo maana ikaitwa DDC. Wapigaji walihama kutoka bendi hii kwenda ile wakiwa na nguo zao na vidole vyao tu, vyombo vikabaki kwa mwajiri. Kwa hiyo aliyesema kwamba niliuza bendi hakukosea sana.

Nilirudi shuleni kufundisha mwaka 1975 nikakabidhiwa bendi niilee. Valvu zilipoanza kufa hapakuwa na za kununua, maana fedha za kigeni zilikuwa haba na hakuna ambaye angeagiza valvu za gita wakati dawa hazitoshi. Bahati yetu ni kwamba EL84 hizo hizo zilitumika katika redio kubwa za mezani za zamani. Tulizunguka nyumba za wazee tukiomba redio mbovu, na kila redio ilitupa moja au mbili. Tukaishi hivyo kwa miaka kama mitano. (Nawaonya vijana: msifungue chombo cha namna hii bila fundi. Hata ukichomoa waya ukutani, kapasita zake hubaki na mamia ya volti, nazo zinaua.)

Mwaka 1981 karatasi za mtihani wa majaribio zilikosekana, wala stensili hazikuwapo. Ikaamuliwa vitu visivyo vya lazima viuzwe, na mimi nikapewa kazi ya kumtafuta mnunuzi wa amplifaya. Nilimpata mpiga gita mmoja wa mjini. Alitoa fedha sawa na mshahara wangu wa miezi miwili, akaibeba kwa mkokoteni. Wanafunzi walisimama barazani wakitazama bila kusema neno. Karatasi zilinunuliwa, mtihani ukafanyika, na bendi haikupiga tena. Wakati wa kupakia, mshikio mmoja ulikatika, nikautia mfukoni kwa nia ya kumpelekea. Sikumpelekea.

Mwaka 2016 kijana wake alinijia nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu. Mzee alifariki. Mama anasema wewe ndiwe unayeijua ile Vox, uje utuambie tuiuze kiasi gani." Siku hiyo hiyo nilikuwa nimepigiwa simu na wenzetu wa kamati, ambao walikwisha kusikia habari hizo na kuchanga laki tatu ili irudi shuleni iwekwe kwenye kabati la kioo. Wakaniambia, "Wewe zungumza nao tu, watakusikiliza." Nilijua walimaanisha nini.

Nilikuta Vox imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake televisheni. Kijana alifungua ubao wa nyuma kwa bisibisi. Ya kulia ilikuwa buluu bado, karatasi yake nzima. Ya kushoto ilikuwa ile ya fundi wetu wa mwaka 1970. Transfoma zote mbili zilikuwa za asili, na kitambaa cha mbele, chenye almasi za rangi ya kahawia, kilikuwa na tundu moja la sigara. Hivi ndivyo mnunuzi mjuzi anavyotazama: spika, transfoma, kitambaa, kibati cha namba. Chochote kilichobadilishwa hupunguza bei. Spika ya buluu peke yake ina soko lake, hata sanduku lisipokuwapo.

Yule mama alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Laki mbili ni nyingi mno, Mwalimu?"

Wenzangu wa kamati, nisameheni, ingawa baadhi yenu hamjanisamehe mpaka leo. Nilimwambia bei yake. Nilimwambia pia kwamba ingekuwa na spika zote mbili angepata zaidi, na kwamba aliyepasua ile ya kushoto ni mimi. Hakuamini hesabu yangu mpaka kijana wake alipotafuta kwenye simu na kumwonyesha. Kisha akanyamaza kitambo, akasema mumewe alikuwa akiitumia kwa harusi mpaka mwaka 1994, na kwamba yeye alitaka mara nyingi kuichoma kuni.

Tulimpata mnunuzi wa ng'ambo, mkusanyaji wa vitu hivi. Nilimwandikia kila kasoro: spika ngeni, valvu zilizotoka kwenye redio, tundu la sigara. Alipunguza bei kidogo, akatuma fedha, na mabati ya nyumba ya yule mama yalitoka humo. Laki tatu za kamati zilinunua magita mawili ya kawaida, ambayo mtayakuta katika chumba cha muziki, moja likiwa na nyuzi nne tu.

Siku ya kufunga sanduku nilikwenda na ule mshikio, uliokuwa umekaa katika droo yangu miaka 35. Kijana aliukaza kwa skrubu zake za zamani, akaujaribu kwa kuinua. Ulishika.