Baridi Yabisi ya Viungo: Ijue Dawa Yako Kabla Hujaimeza

Hapa kwetu Pwani karibu kila maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, na tiba yetu ni mafuta ya kuchua na tembe za maumivu. Lakini ipo aina moja isiyotulia kwa hayo. Madaktari huiita rumatoidi athraitisi.

Ugonjwa huu hauletwi na upepo wala kuoga maji baridi, wala si husuda. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Viungo huvimba, na visipotibiwa mifupa huliwa na vidole hupinda. Wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Je, utautambuaje? Ukiamka asubuhi viungo hukaza kwa zaidi ya nusu saa. Vidole na vifundo vya mikono yote miwili huvimba. Kukuna nazi huwa kazi, na kuinuka kutoka sijida pia. Ukiona hivyo kwa wiki kadhaa, nenda hospitali. Mifupa huanza kuharibika mapema, na iliyoharibika hairudi.

Tembe za maumivu kama diklofenaki hutuliza tu, hazizuii ugonjwa. Ukizimeza kiholela kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo. Dawa ya kuzuia inayotumiwa sana ni methotreksati. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hivyo usiiache mapema ukidhani haifai.

Hapa naomba tusikizane vizuri: methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Chagua siku moja, tuseme Ijumaa, uiandike kwenye paketi, na mtu mwengine nyumbani aijue. Daktari huiambatanisha na asidi ya foliki ili kupunguza madhara. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia maini, figo na chembe za damu. Mama mjamzito haitumii, na anayetaka kushika mimba amwambie daktari mapema. Ukipata homa, vidonda mdomoni au kikohozi kikavu na pumzi kukata, rudi hospitali upesi.

Ramadhani ikikaribia, panga na daktari. Tembe ya wiki inaweza kumezwa usiku. Wanaotumia prednisoloni wasiikatize ghafla kwa sababu ya saumu, ni hatari.

Kasoro yetu kubwa, kwa maoni yangu, ni kuitikia "sawa daktari", kisha tukifika nyumbani tunamuuliza jirani. Daktari anakuona dakika chache tu. Siku zilizobaki ugonjwa uko nawe. Kwa hivyo kuwa na daftari. Andika viungo vinavyouma, asubuhi vimekaza kwa muda gani, na dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Kisha uliza: Dawa hii ni ya kutuliza au ya kuzuia? Naimeza lini na kiasi gani? Napimwa damu lini? Ni dalili gani zinirudishe haraka?

Kuuliza si utovu wa adabu. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na kuielewa tiba ni sehemu ya kuitafuta.