Epeme

Epeme ni ngoma takatifu ya Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa bonde la Ziwa Eyasi, chini ya nyanda za Ganako na mji wa Karatu. Huchezwa usiku usio na mbalamwezi. Mioto huzimwa, nyuso zisionekane.

Wanawake huimba gizani, na wanaume hutoka mmoja mmoja, manyoya ya mbuni kichwani, njuga mguuni, manyanga mkononi. Anayecheza hahesabiwi tena kuwa fulani wa kambi ile, amekuwa epeme. Kinachowafikia waliokaa ni kishindo cha mguu na mlio wa njuga, bila sura ya kuvibandikia.

Mchezaji anayeacha kuwa fulani huweza kumkumbusha mtu falsafa zinazoikana nafsi. Wabuddha hukana nafsi ya kudumu kwa fundisho liitwalo anatta. Mskoti David Hume naye aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipojichungulia ndani alikuta hisia tu. Kuwavika Wahadzabe falsafa hizo, hata hivyo, ni kuwaonea: wao hawajadai kwamba nafsi haipo.

Jina epeme hutumika pia kwa sehemu maalumu za nyama ya mnyama mkubwa, ambazo huliwa faraghani na wanaume waliokwisha kupokelewa katika kundi la epeme.