Hesabu ya Rangi ya Majani

Historia ya elimu aghalabu husimuliwa kana kwamba kila ukweli ulikaribishwa kwa shangwe siku ile ile ulipozaliwa. Mambo hayakuwa hivyo. Zimekuwako hesabu sahihi ambazo wataalamu walizitilia shaka kwa miaka mingi, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza sababu yake. Mojawapo ni hesabu ya rangi ya kijani ya majani. Ilipatikana mwaka 1932, na maelezo yake hayakutimia mpaka wanadamu walipojifunza kupima vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Rangi hiyo ilitengwa mwaka 1817 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakaiita klorofili. Karibu karne moja baadaye Mjerumani Richard Willstätter alionyesha kwamba ndani yake mna madini ya magnesi, na kwa kazi yake juu ya rangi za mimea akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Mwaka 1940 Hans Fischer alikamilisha mchoro wa molekuli yenyewe. Ina kichwa bapa, ambacho upana wake ni kama nanomita 1.5, na mkia mrefu wa kiasi cha nanomita 2. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele wa mtu hufikia unene wa nanomita 80,000 hivi. Basi wataalamu walilijua tofali, lakini nyumba hawakuijua.

Ilidhaniwa kwamba kila molekuli ya klorofili hufanya kazi peke yake: hupokea mwanga na kuutumia papo hapo. Katika mwaka 1932, huko Pasadena, Marekani, Robert Emerson na mwanafunzi wake William Arnold waliijaribu dhana hiyo. Walichukua mwani wa chembe moja uitwao Chlorella, wakaumulika kwa mimweko mikali ya taa, mifupi mno, kila mmweko ukifuatwa na giza. Walitarajia kwamba mmweko wenye nguvu ya kutosha utaifanyisha kazi kila molekuli ya klorofili. Kumbe kwa kila molekuli moja ya oksijeni iliyotoka palikuwa na molekuli za klorofili karibu 2,500! Je, nyingine zote zilikuwapo kwa kazi gani?

Mwaka 1936 Hans Gaffron na Kurt Wohl walitoa jibu: yamkini klorofili nyingi hukusanya mwanga na kuupeleka mahali pamoja, na hapo ndipo kazi hufanyika. Jibu hilo halikupata wafuasi wengi, kwa maana hakuna aliyepata kuona mahali hapo.

Shaka ilizidishwa na ugomvi mwingine. Emerson alikuwa amesomea udaktari wake Berlin chini ya Otto Warburg, bingwa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Warburg alishikilia kwamba chembe nne za mwanga, au pungufu yake, zatosha kutoa molekuli moja ya oksijeni. Emerson alipopima aliona kwamba zahitajiwa nane au zaidi. Kumpinga mwalimu mwenye sifa kama hiyo lilikuwa jambo zito. Hata hivyo, mwaka 1948 Emerson alimkaribisha Warburg katika maabara yake huko Urbana, Illinois, ili wapime pamoja. Waliachana bila kupatana. Emerson alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1959, naye Warburg hakuuacha msimamo wake mpaka alipokufa mwaka 1970.

Hukumu ilikuja kwa njia ya vipimo. Mwaka 1985, kwa kupitisha eksirei katika fuwele, Wajerumani Deisenhofer, Huber na Michel walidhihirisha umbo la kitovu cha kazi hiyo katika bakteria mmoja, wakatunzwa Nobel mwaka 1988. Mahali pale alipopawaza Gaffron palikuwapo kweli. Mwaka 2001 mfumo wa nuru wa kwanza wa bakteria mwingine, anayetoa oksijeni kama mimea, ulionekana kuwa na klorofili 96: sita hupitisha elektroni, na 90 hukusanya mwanga tu. Mwaka 2004 Wachina walipima protini ya majani ya spinachi iliyo kando ya vitovu, wakakuta kila moja imebeba klorofili 14. Mwaka 2011 Wajapani walipima mfumo wa pili, ambao viungo vyake viwili pamoja vina urefu wa nanomita 20.5. Katika nafasi finyu namna hiyo rangi hizo hukaa karibu karibu, hata nguvu ya mwanga huruka kutoka moja hadi nyingine na kufika kitovuni kabla haijatimia sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Sasa hesabu ya mwaka 1932 yasomeka wazi. Kila kitovu hutumikiwa na klorofili 300 hivi, na mmweko mmoja hukipa zamu moja tu. Oksijeni moja yahitaji zamu nane. Nane mara 300 ni 2,400. Hesabu mbili za Emerson, zilizotiliwa shaka kila moja kwa upande wake, zilikuwa zikishuhudiana. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Jani lilikuwa likifanya hivyo tangu zamani.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekuta katika kazi yake tarakimu isiyolingana na maneno ya wakubwa asiifute upesi. Na aipime tena kwa uaminifu, kisha aiandike kama alivyoiona. Emerson hakuishi kuuona mfumo ule ukipimwa, lakini aliacha hesabu safi, na waliokuja baada yake wakaikuta inawangoja.