Wazazi wa Edgewood Walivyodai Hesabu ya Shule

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini malezi ya shule yahitaji fedha, na fedha zina hesabu zake. Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mliokalia madawati yetu, nawasimulia habari ya wazazi wa nchi ya mbali walioidai hesabu hiyo kwa miaka mingi.

Ilianza Mei 1968 katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, Marekani. Wanafunzi wapatao 400 wa shule ya sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana, wakilalamikia majengo mabovu na uhaba wa walimu wenye sifa. Wengi wao walikuwa wa asili ya Meksiko, na wazazi wao walikuwa watu wa kipato kidogo.

Wazazi wangaliweza kuwakaripia na kuwarudisha darasani. La, wao waliunda chama chao, wakamwendea mwanasheria Arthur Gochman. Huyo aliwaonyesha kwamba shina la taabu lilikuwa mpango wenyewe wa kugawa fedha. Kila mtaa ulisomesha watoto wake kwa kodi ya nyumba na ardhi za mtaa huo, kisha serikali ikaongeza sehemu yake.

Tazameni hesabu ya mwaka wa 1967/68. Edgewood walitozwa dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, wakapata dola 26 tu kwa kila mwanafunzi. Jirani zao matajiri wa Alamo Heights, katika mji ule ule, walitozwa senti 85 tu, wakapata dola 333. Hata baada ya misaada ya serikali, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356, na wa Alamo Heights dola 594. Maskini walilipa kodi ya kiwango cha juu zaidi, nao wakapata shule duni! Basi nani angesema kwamba wazazi hao hawakujali elimu?

Mwaka huo huo wa 1968 walifungua kesi. Aliyetangulia katika orodha ya washtaki alikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa bati katika kituo cha ndege za kijeshi cha Kelly. Desemba 1971 walishinda. Jimbo likakata rufani, na tarehe 21 Machi 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikawashinda wazazi kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikisema kwamba Katiba ya nchi haikutaja elimu kuwa haki. Mmoja wa wale wanne waliopinga hukumu hiyo alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, London.

Wengine wangalikata tamaa. Lakini mwaka 1984 kesi mpya ilifunguliwa, safari hii kwa kutumia katiba ya Texas yenyewe, na Rodriguez alikuwamo tena. Mwaka 1989 majaji wote 9 wa mahakama ya juu ya jimbo walikubali kwamba mpango ule ulivunja katiba. Sheria mbili za kurekebisha mambo zilikataliwa mahakamani, hata ikapatikana ya mwaka 1993, iliyochukua sehemu ya utajiri wa mitaa yenye mali kusaidia iliyo maskini.

Hesabuni wenyewe: tangu 1968 hadi 1989 ni miaka 21. Watoto wa Rodriguez waliokuwa shule ya msingi kesi ilipoanza walikwisha kuwa watu wazima. Waliofaidi ni watoto wa wengine.

Sisi Wakenya twaijua Harambee. Tumeona mahali penye mazao ya biashara pakiinuka shule ya mawe, na mahali pa ukame pakibaki darasa la udongo, ingawa jasho la wazazi lilikuwa moja. Kuchanga ni jambo jema, lakini kuchanga peke yake hakusawazishi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapokuja hapa kila mwaka na bahasha zetu za mchango, tuulize pia fedha za umma zinagawanywaje, hata kama watoto wetu walikwisha kumaliza shule. Nanyi vijana, jifunzeni hesabu vizuri. Wazazi wa Edgewood walianza na hesabu.